Damu ya Kulinganishia

Damu ya mlinzi wa geti ilikuwa laini kupita kiasi, na Mzima hakuipenda hata kidogo.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaivaa tena. Mstari kwenye skrini ulikuwa palepale. Ncha ya mashine ilishuka juu ya seli moja nyekundu ya damu, ikaibonyeza taratibu kama mtu anayechagua parachichi sokoni, na seli ikabonyea bila ubishi. Akaihamishia seli nyingine, na nyingine. Zote zilibonyea vilevile.

"Huyu mama ana damu au ana uji?" alijisemea.

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na mlangoni kulikuwa na safu ya kandambili kwa sababu viatu vya visigino vilipigwa marufuku. Katikati ilikaa mashine, ndogo kuliko wageni walivyoitarajia, juu ya bamba la jiwe lililoning'inizwa kwa kamba za mpira ili mitetemo ya jengo isiifikie. Jina lake la vitabuni ni hadubini ya kani ya atomu. Mle ndani hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulitamka lote, kwa hiyo waliiita Bibi Papasa. Bibi huyo haoni kitu. Ana kijibapa chembamba kuliko unywele, mwishoni kina ncha, na ncha ile ndiyo kidole chake. Hupanda na kushuka juu ya vitu ambavyo jicho haliviwezi, uzi wa protini, ngozi ya seli, akaeleza palipoinuka na palipobonyea, palipo pagumu na palipo laini. Ukikohoa, anajua. Lori likipita barabarani, anajua. Ukimdanganya anajua pia, ila huchelewa kusema.

Mzima alikuwa amemtumikia miaka mingi. Hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa fundi wa chumba. Kila asubuhi alichukua kipande cha ulanga, jiwe linaloambuka majani majani kama kitabu, akabandika utepe wa gundi juu yake, akauvuta kwa mkupuo mmoja. Tabaka la juu liliambuka na kuacha uso mpya ambao hata vumbi halijawahi kuugusa, na juu ya uso huo ndipo damu ilipowekwa. Utepe ukitoka na jani zima lisilochanika, siku yake ilikuwa njema. Ukitoka na mapengo, alirudia bila kulalamika.

Hata jina la Mzima lilitokana na kazi. Utafiti wa Daktari, mkuu wa chumba kile, ulihusu watoto wenye selimundu, ugonjwa unaozifanya seli nyekundu kuwa ngumu, zikakwama kwenye mishipa na kumliza mtoto usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Kulikuwa na dawa mpya ya majaribio, na swali lilikuwa moja tu: je, inazilainisha? Sasa ncha za Bibi Papasa hazifanani, kila moja ina ulegevu wake, na namba ya leo haiwezi kusimamishwa kando ya namba ya mwezi jana. Kwa hiyo walikuwa na desturi. Kila siku ya kupima, kwa ncha ileile, walianza na damu ya mtu mwenye afya, wakafuata na ya mgonjwa, na kilichoandikwa ni kwamba ya pili imeizidi ya kwanza kwa ugumu mara ngapi. Mwenye afya alikuwa fundi mwenyewe. Yuko karibu, hana maneno, haogopi sindano. Mwanzoni kabisa alipimwa kila kitu akaonekana safi kama maji ya mvua. Chupa yake ikaandikwa MZIMA, na jina likamganda.

Tusifichane, alilipenda jina lile. Wa rika lake walikuwa wakilalamikia magoti na presha, yeye akipita kifua mbele. Ni watu wangapi duniani ambao afya yao ndiyo kipimo cha wengine?

Na habari za utafiti zilikuwa njema. Mwanzoni seli za watoto zilikuwa ngumu mara tatu kuliko za Mzima. Mwaka hadi mwaka zikashuka, mpaka zikawa chini ya mara mbili, na watu wakakumbatiana ngazini. Kisha Mzima akashikwa na homa, na mwenye homa hatoi damu. Daktari akamwomba mlinzi wa geti, mama mmoja asiyeishiwa maneno, naye akanyoosha mkono akisema, "Chukueni tu, nitatengeneza nyingine." Leo Mzima alikuwa amerudi kazini kuzipima sampuli zilizomsubiri kwenye jokofu. Kwa damu ya mlinzi, watoto walikuwa wamerudi kwenye ile mara tatu ya mwanzo, kana kwamba hakuna aliyewahi kumeza hata kidonge kimoja.

Mlango ukafunguka polepole. Aliingia Daktari, kandambili zake zikiburuta. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mazoea ya kusimama nyuma ya kiti cha mtu bila kumharakisha.

"Umebadilisha ncha?"

"Mara mbili, Daktari."

"Ukaijaribu kwenye ulanga mtupu?"

"Nimeijaribu. Bibi hana neno. Neno liko kwenye damu."

Daktari aliinama akatazama. Alionekana amechoka. "Basi mlinzi ana lake. Watu hatufanani. Andika sampuli imeharibika, urudie na ya kwako. Kesho mchana wazazi wanakuja, na nataka niwaambie jambo moja lililonyooka: dawa inafanya kazi, na watoto wachanga nao waanze."

"Sawa, Daktari," alisema Mzima, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolizoea.

Alijitoa damu mwenyewe, akaiweka juu ya ulanga mmoja na damu ya mlinzi, ya kwake kushoto na ya mama yule kulia, ncha moja, saa moja. Ya mlinzi ikabonyea. Ya kwake ikagoma. Akadhani amechanganya pande, akageuza, akarudia. Ikagoma tena.

Alimaliza chupa ya maji, akaenda kuijaza, akaimaliza. Mwenye duka hupima mchele kwa jiwe la mzani, hupima maharage, hupima unga, na hakuna siku hata moja anayolipima jiwe. Wazo hilo lilimjia akiwa amesimama bombani, na hakulitaka. Kama jiwe ndilo lililozidi uzito, basi mchele haukuwahi kupungua. Watoto hawakuwa wamelainika. Yeye ndiye aliyekuwa amegumika, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Aliogopa, na hilo lisemwe wazi. Alichukua kalamu, akaandika kwenye chupa ya mlinzi: *Imeharibika*. Kisha akavaa viatu vyake akaenda nyumbani.

Nyumbani alimkuta dada yake mdogo sebuleni na mkewe, wanacheka. Binti wa dada yake, mtoto wa miaka tisa, alikuwa uani anaruka kamba. Mtoto huyo alikuwa na selimundu. Mzima ndiye aliyemwingiza kwenye utafiti, akambembeleza mama yake usiku mzima, akamwapia kwamba sindano ni chache.

"Kaka, njoo uone mpwa wako," dada alisema. "Mwaka jana saa hizi alikuwa wodini anapiga kelele. Sasa hata viatu haviishi wiki. Wifi, wewe si shahidi?"

"Shahidi ni nani kama si mimi?" alisema mkewe. "Mimi ndiye niliyemshonea begi la shule mara mbili."

"Kesho naenda kwenye mkutano wao. Nitasimama nimshukuru yule Daktari mbele za watu. Na wewe nitakutaja, usikimbie."

Mzima alikaa. Aliletewa chai, akainywa, akaomba maji juu yake.

"Huyu kaka yako," mkewe alimwambia wifi yake, "anakunywa maji kama aliyemeza gunia la chumvi. Usiku anaamka mpaka najiuliza kama ana mke mwingine chooni. Na kile kidonda cha kidole, tangu bamba la jiwe limwangukie, hakifungi. Nikimwambia aende hospitali ananiuliza, mimi? Mzima mimi?"

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Mganga hajigangi, wifi."

Mzima naye alicheka. Angeweza kusema hapohapo. Maneno yalikuwa yamejipanga, mafupi tu: dada, subiri kwanza. Badala yake alimwita mtoto aingie ndani, giza linaingia, na mtoto akaja anahema, amelowa jasho, akamwegemea begani. Alikuwa mwepesi kuliko alivyopaswa kuwa kwa umri wake. Mzima alihesabu hilo na asilitamke.

Asubuhi alifika kabla ya wengine, akiwa amefikia uamuzi wa nusu. Damu moja laini si ushahidi. Huenda kweli mlinzi ana lake. Kwa hiyo alibeba vijisindano na vichupa, akapita kwenye korido kama mwombaji wa mchango wa harusi. Mama wa chai alitoa kidole huku akikoroga kwa mkono wa pili. Mhasibu alisema, "Tone moja tu, ukizidisha nakukata kwenye posho." Dereva, jitu la miraba minne, aligeuza uso ukutani na kupiga mluzi mpaka jambo likaisha. Fundi umeme aliuliza ni ya nini.

"Ya kulinganisha."

"Si huwa unajilinganisha mwenyewe?"

"Leo nimechoka kuwa peke yangu," Mzima alisema, na fundi umeme akaona ni utani mzuri.

Akaambua ulanga. Utepe ulitoka na jani zima, na kwa mara ya kwanza hakufurahi. Aliziweka damu zote, akamwachia Bibi Papasa kazi, akakaa na mikono mapajani ili asiguse chochote. Mama wa chai akabonyea. Mhasibu akabonyea. Dereva, pamoja na miraba yake minne, akabonyea vilevile kama mlinzi, na fundi umeme akafuata. Kwenye skrini walikaa pamoja, bega kwa bega. Yeye alikuwa juu yao, peke yake, katikati ya watu wazima na watoto wagonjwa, hayuko huku wala kule.

Alifuta neno *Imeharibika* kwa kidole cha gumba. Halikutoka lote. Kisha akapanda ngazi.

Daktari alikuwa ofisini anasahihisha hotuba yake. Mzima alisimama mlangoni mpaka akatazamwa.

"Si mlinzi mwenye lake, Daktari. Ni mimi."

Alieleza. Hakufika mbali. Alipotaja damu ya mhasibu, Daktari alikuwa ameshaweka kalamu chini, na alipotaja ya dereva alikuwa ameshafumba macho.

"Kwa hiyo wako palepale," Daktari alisema.

"Kwa ugumu wa seli, wako palepale. Mara tatu."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia, fagio linakwangua saruji.

"Kosa ni langu," Daktari alisema hatimaye. "Nilikuwa na watoto wengi na mzima mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenicheka. Ila ulikuwepo kila siku, hukuwahi kukosa, nikakuona kama sehemu ya jengo." Alifumbua macho, akamtazama kama anayemwona upya. "Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja?"

"Daktari, jamani."

"Nijibu."

Alijibu. Akajibu na la kiu, na la kidonda, akitazama zulia. Dakika chache baadaye walikuwa ghorofa ya juu kwa nesi, ambaye alimchoma kidole, akaisoma namba, akakitikisa kile kipimo kana kwamba ni saa iliyosimama, akamchoma kidole kingine. Namba ilikuwa ileile.

"Sukari," nesi alisema. "Na si ya jana wala juzi. Baba, umekuwa ukitembeaje na hii?"

"Kifua mbele," Mzima alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Kwenye ngazi za kushukia Daktari alimweleza kwamba sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu huzigumisha seli nyekundu. Mzima akauliza kama mkutano utaahirishwa.

"Kwa nini uahirishwe?" Daktari alisema. "Jana ulikuwa wa kupeana pongezi. Leo ndiyo una kazi."

Wazazi walijaa ukumbini. Wengine walikuja na watoto, wengine wamevaa nguo za kutokea. Dada yake alikaa mstari wa mbele na binti, amefunga kilemba kipya. Mzima alisimama ukutani, karibu na swichi za taa.

Daktari hakuuma maneno. Aliwaeleza jinsi kipimo kilivyofanywa, na damu ya nani ililinganishwa na ya nani, na nini kimegunduliwa asubuhi ile. Alisema dawa haijaonekana kudhuru, na kwa kipimo hiki haijaonekana kusaidia. Watoto wachanga hawataanza. Walioanza wataendelea kuangaliwa, na kila kitu kitapimwa upya, safari hii kwa damu za watu wengi.

Ukumbi ulinong'ona, kisha ukapaza sauti. Baba mmoja aliuliza kama wamechezewa. Mama mwingine aliuliza, tena kwa upole uliouma zaidi, kama ampe mwanawe kidonge cha jioni au asimpe. Daktari alisema ampe, mpaka aambiwe vingine, na kwamba hana jibu bora kuliko hilo.

Kisha dada yake akasimama. Hakumtazama Daktari.

"Mwanangu anaruka kamba," alisema. "Hilo nalo ni damu ya mtu?"

"Sijui, dada," Mzima alisema kutoka ukutani. Watu wakageuka. "Inawezekana ni dawa, kwa njia ambayo mashine yetu haiioni. Inawezekana ni mwaka mzuri tu. Ninachojua ni kwamba namba tulizowapa zilishuka kwa sababu yangu. Mimi ndiye mgonjwa niliyekuwa naitwa mzima."

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema asubuhi. Nesi alikuwa shahidi, Daktari alikuwa shahidi, ni asubuhi.

"Jana."

"Jana kabla ya chai, au baada?"

"Kabla."

Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na jambo alilokuwa halijui. "Nikacheka pale, nikapanga kukutaja mbele za watu, na wewe umekaa unakunywa tu." Alimshika binti mkono, wakapita katikati ya viti, na binti akageuka mara moja kumpungia mjomba wake, kwa mazoea.

Dada hakuja nyumbani wiki ile, wala iliyofuata. Mkewe alikwenda, akarudi, akasema tu, "Mwache kwanza." Mzima alianza vidonge. Aliacha kutia sukari kwenye chai, akaona chai haina maana. Kazini aliambua ulanga kama kawaida, na kila siku ya kupima walipita watu wa afya kwenye kiti chake: mhasibu, mama wa chai, mlinzi na maneno yake. Chupa zao ziliandikwa namba. Watu wengine waliendelea kumwita Mzima kwa sababu hawakumjua kwa jina jingine. Fundi umeme alijaribu kumwita Mgonjwa, siku moja tu, akaona mwenyewe kwamba haichekeshi.

Siku ya kliniki ilipofika alipanda ghorofa ya juu na kadi yake mpya. Watoto wa selimundu na watu wa sukari walichomwa vidole kwa nesi mmoja, kwenye benchi moja refu lililopakwa rangi ya kijani. Lilikuwa limejaa. Mwisho wake alikaa dada yake, binti kando, na kando ya binti ulikuwa mkoba mkubwa uliochukua nafasi ya mtu.

Mzima alisimama. Alisalimia, na dada akaitikia salamu kwa sababu salamu haikataliwi, macho yake kwenye mlango wa nesi.

"Mjomba," binti alisema, "umekuja kufanya kazi huku?"

"Hapana. Nimekuja kupimwa."

"Unaumwa nini?"

Katika maisha yake yote ya kutoa damu, hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alitafuta pa kuweka mikono.

"Sukari," alisema.

Mtoto alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama mwenyeji anayempokea mgeni asiyejua njia. "Mikono yako imepoa?"

"Kidogo."

"Ikiwa baridi damu haitoki, watakuchoma tena. Inabidi kuisugua kwanza. Lete."

Dada yake, akiwa bado anautazama mlango, aliunyanyua mkoba kutoka kwenye benchi akaupakata. Mzima akakaa. Mtoto alichukua mkono wake mkubwa katikati ya viganja vyake viwili, akaanza kuusugua, akianzia kwenye kifundo, akishuka mpaka ncha za vidole.